Tupeane uzoefu: Umewahi kula mkate au keki, kumbe ndani kuna kitu ambacho hukuambiwa?

BintiNgamiani
Assalaam aleikum wana Tanga na wote mlio mbali. Wifi yangu aliye London kanipigia usiku, hata salamu hakutoa. "Zile biskuti mmeshakula?" Biskuti alizompa mgeni atuletee zimetangazwa kule zirudishwe dukani, ndani zina maziwa na boksi halikuandika, na mwenye mzio, yaani mtu ambaye mwili wake unayakataa maziwa, zinaweza kumdhuru. Mimi boksi nilishalifungua mchana, na zawadi iliyotoka Ulaya hailiwi na nyumba moja, nilikuwa nimegawa barabara nzima. Nikajitanda kanga nikaanza kubisha hodi. Huku wamemaliza, kule mtoto kaenda nazo madrasa. Alhamdulillah hakuna aliyedhurika, ila usingizi uliniruka. Nani yamemkuta kwa mkate, skonzi, keki, chochote cha tanuri? Ilikuwaje na mlifanyaje?

Mzee wa Chuda
Mimi mayai. Mkate wa kumimina wa shughulini siugusi mpaka nimwone aliyeupika.

Um Said
Sawasawa kabisa mzee wangu.

Mama wa Duga
Dada umenikumbusha siku ambayo sipendi kuikumbuka, lakini wacha niseme.

Mwanangu hali karanga. Tangu alipokuwa anatambaa, akigusa tu anatoka mabaka mwili mzima. Tukaalikwa harusi, sinia la vileja likapita. Nikamuuliza aliyebeba, nikaenda mpaka uani nikamuuliza na mwenye sinia: vina karanga? "Hapana bibie, ni lozi, samli na iliki." Lozi anakula, haimdhuru. Nikampa kimoja.

Hata hakukimaliza. "Mama, ulimi unaniwasha." Anajikuna ulimi kwa kucha. Midomo ikaanza kuvimba, macho yakafumba, akatapika juu ya gauni langu. Na wanawake kila mmoja ana lake: mpe maziwa, mpe limao, mmwagie maji, huyo kapatwa na jicho, aitwe maalim. Mmoja ananivuta mkono nimnyweshe maji ya chumvi. Nikambeba nikakimbilia barabarani pekupeku.

Kwenye bajaji analia, na kilio kimebadilika, kama cha paka. Halafu akanyamaza. Jamani, mtoto wa watu akinyamaza mkononi mwako na kifua chake kinaingia ndani kila anapovuta pumzi! Nilikuwa nampiga mgongo nikimwita jina lake, dereva naye anamwita, hajui hata ni mtoto wa nani.

Tulipofika dirishani hospitali nikaulizwa kadi. Nesi mmoja aliyekuwa anapita akaiona midomo ya mtoto, hakuuliza kitu, akamnyakua. Sindano ya adrenalini kwenye paja. Muda si mrefu nikamsikia anakohoa, kisha analia kilio chake mwenyewe. Usiku, tumeshatulia wodini, ikarudi tena, mabaka na kifua, wakamchoma ya pili. Ningekuwa nimeshamrudisha nyumbani sijui.

Baadaye shangazi yangu akaenda kwa mpishi. Jibu lake: lozi zimepanda, akaongezea karanga za kusaga zijaze. Harufu ya iliki inafunika, nani angejua.

BintiNgamiani
Ya Rabi. Nimesoma nimesimama.

Um Said
Pole sana shoga. Mtoto hajambo sasa?

Mama wa Duga
Hajambo, yuko darasa la pili. Anauliza mwenyewe kabla hajapokea kitu.

kijana_pongwe
Poleni. Lakini mbona sisi tumekua na karanga, kashata, ubuyu, na hatukuwa na mambo haya? Watoto wa siku hizi wanalelewa kwa woga.

Mzee wa Chuda
Yalikuwepo kijana. Mtoto akivimba akafa tulisema karogwa, tukazika. Mimi nimezika mdogo wangu kwa hilo jina.

kijana_pongwe
Nisamehe mzee, sikukusudia.

Um Said
Mimi nina jingine. Mwanangu akila yai la kuchemsha anavimba, lakini keki yenye mayai anakula na hana neno. Wifi zangu wananiambia nazua.

MwanaPangani
Unazua kweli dada. Yai ni yai.

Um Said
Njoo nyumbani uone kwa macho yako, usiniite muongo hadharani.

Nesi Mstaafu
Hazui. Moto mrefu wa tanuri hubadilisha protini za yai na za maziwa, na wako watoto wengi wenye mzio wa yai wanaoweza kula lililookwa ndani ya keki. Ila si wote, na msijaribu nyumbani kuona mtoto wenu yuko kundi gani. Na karanga msiihesabu humo, moto hauiondolei ukali.

Kisa cha Duga ni somo zima. Mtoto akivimba midomo huku anatapika au anakosa pumzi, hiyo si ya kungojea. Vidonge vya mzio vinapunguza kuwasha, havifungui koo. Dawa ni adrenalini, kwenye paja, haraka. Mlazeni, miguu juu kidogo. Kama kifua kimebana mwacheni akae, lakini msimtembeze. Asinyweshwe kitu, si maziwa, si maji ya chumvi. Na akipata nafuu abaki hospitali, maana inaweza kurudi baada ya saa kadhaa kama alivyoeleza mama.

MwanaPangani
Bibi yangu alitumia mkaa uliosagwa na watu walipona.

Nesi Mstaafu
Walipona waliokuwa wapone. Mkaa hauwezi kitu hapa, mwanangu.

Mpwa wa Raskazone
Niko Marekani. Hizi taarifa za kurudisha vyakula hapa ni kila wiki, na sababu inayoongoza ndiyo hiyo, kitu chenye mzio kimo na hakikuandikwa. Vitu vya tanuri viko mbele sana, kwa sababu mtambo mmoja unaoka aina kumi za biskuti, na boksi la aina moja likipakiwa biskuti za nyingine basi. Maziwa ndiyo yanayosahauliwa mara nyingi.

Aliposema Mama wa Duga habari ya lozi na karanga nimesisimka. Januari 2024 mchezaji dansi Órla Baxendale, miaka 25, alifariki New York baada ya kula biskuti zilizouzwa na maduka ya Stew Leonard's huko Connecticut. Mtengenezaji alikuwa ameacha soya akaweka karanga, na lebo ikabaki ya zamani. Biskuti zikaitwa zirudi yeye ameshafariki, halafu kiwanda na duka wakabishana nani hakumwambia nani. Mpishi wa harusi ya Duga na kiwanda cha Marekani wamefanya jambo lilelile.

BintiNgamiani
Na Uingereza je? Wifi anasema kule wakali.

Mpwa wa Raskazone
Wakali baada ya msiba. Natasha Ednan-Laperouse, miaka 15, mwaka 2016 alikula mkate wa uwanja wa ndege, ufuta umekandwa ndani ya donge, juu hauonekani. Kwenye karatasi haukuandikwa, kwa kuwa mkate uliotengenezwa palepale dukani haukulazimishwa. Baba yake alimchoma sindano mbili ndani ya ndege, hazikutosha. Wazazi wakapigana mpaka sheria ikabadilishwa, ikaanza Oktoba 2021. Uingereza wanataja vitu 14, Marekani 9. Ufuta hapa uliongezwa 2023 tu, na viwanda vingine vya mikate, badala ya kusafisha mitambo, vikatia ufuta kidogo kwa makusudi ili viuandike. Sheria imefuatwa, na mtu aliyekuwa anakula mkate ule miaka yote hawezi tena.

kijana_pongwe
Hiyo ni dhuluma.

Tanuri la Makorora
Shikamooni wakubwa. Mimi ni muoka mikate, nisikilizeni na mimi kabla hamjatuchoma sote.

Jirani aliazima blenda yangu kusagia karanga za mchuzi, akairudisha usiku imesuuzwa kwa maji tu. Alfajiri msaidizi akasagia iliki na sukari ya skonzi. Mimi kufika, naifunua blenda, harufu ya karanga. Trei zimeshatoka: Makorora, Mabawa, Mikanjuni, na kantini ya shule. Hiyo kantini ndiyo iliyonitoa jasho. Nikapiga simu ya kwanza pale, wakazifungia kabatini kabla ya kengele ya mapumziko. Nikapanda bodaboda duka kwa duka, nakusanya na kurudisha hela. Mwenye duka mmoja akagoma, ati nimharibie wateja kwa harufu? Nikazinunua zote kwake kwa bei ya rejareja nikaondoka nazo. Aliyekwisha nunua tukamfuata nyumbani, mtaa unajuana.

Zile skonzi ziliniumiza mfuko mwezi mzima. Lakini wateja wa kantini mpaka leo hawanunui kwingine.

MwanaPangani
Si ungeandika tu kwenye trei "huenda ina karanga" yakaisha? Viwanda vyote ndivyo wanavyofanya.

Tanuri la Makorora
Kaka, nikiandika hivyo kila siku, mama wa Duga atanunua wapi? Maneno hayo yanamlinda muuzaji. Mlaji anabaki na njaa.

Mama wa Duga
Mungu akuzidishie. Laiti wote wangekuwa hivyo.

kijana_pongwe
Dawa ni muhogo wa kuchoma tu, hauna lebo wala siri.

Um Said
Wa kuchoma sawa. Wa kukaanga uliza mafuta yamekaanga nini kabla yake.

Mzee wa Chuda
Haya, na mtu akidhurika anashtaki wapi?

Nesi Mstaafu
Chakula kiko TBS, shirika la viwango, tangu 2019, zamani kilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mkate wa kiwandani wenye nembo uwe na orodha ya viambato. Ukikuta kimo kisichoandikwa, weka pakiti na namba ya toleo, usiitupe hata kama una hasira, ndicho kitakachowawezesha kujua mzigo gani uondolewe.

MwanaPangani
Na vileja vya harusi TBS watavijulia wapi? Huko hakuna pakiti wala namba.

Nesi Mstaafu
Huko ni mdomo wa mpishi tu. Ndiyo maana akibadili kitu kimoja aseme kwa kila anayempa sinia, hata kama bei ya lozi imemtia aibu.

BintiNgamiani
Nina taarifa. Mtoto wa madrasa kapatikana, biskuti aligawana na wenzake watatu, wote wazima, nimezungumza na mama zao. Sasa Nesi, hiyo sindano mtu anaweza kutembea nayo?

Nesi Mstaafu
Ile ya kalamu wanayotembea nayo Ulaya, maduka mengi ya dawa kwetu huioni. Adrenalini ya chupa ndogo hospitali zinayo. Mama wa Duga, mwombe daktari wa mtoto akuandikie barua inayosema mzio wake na dawa yake, uilaminishe, ikae mkobani. Dirishani badala ya kutafuta kadi unawaonyesha ile.

Mama wa Duga
Kesho asubuhi naenda.

Tanuri la Makorora
Na vileja vya Idi nitakupikia mimi. Nitavioka mwanzo kabisa, kabla karanga haijaingia jikoni, na blenda haiazimwi tena. Niandikie pembeni unataka kilo ngapi.

Mzee wa Chuda
Na mimi wa mayai je?

Tanuri la Makorora
Babu, skonzi zangu hazina yai. Mkate wa kumimina bila yai bado sijaujua, wikiendi hii najaribu nikuletee Chuda uonje.