Majukwaa ya mitandaoni yakikataa kulipia habari, hasara inamwangukia nani?

Muulizaji
Wanajukwaa, salamu. Mwezi Juni 2023 Bunge la Kanada lilipitisha sheria ya kuyataka majukwaa makubwa yajadiliane na vyombo vya habari kuhusu malipo. Meta ikaona ni afadhali kuondoa habari zote kwenye Facebook na Instagram nchini humo kuliko kulipa, ikaanza kufanya hivyo tarehe 1 Agosti. Je, kosa ni la sheria au la kampuni? Na ikiwa fedha za matangazo zimeshahama magazetini, mwandishi anayeshinda mahakamani au kwenye kikao cha baraza la mji alipwe na nani?

Jibu la kwanza
Ndugu, naona kosa liko kwenye sheria. Iliambatanisha malipo na kuwapo kwa habari kwenye jukwaa, na mtu anayetozwa kwa mzigo usiompa faida kubwa huutua. Australia ilikuwa imekwisha kuyaona hayo Februari 2021, Facebook ilipofunga habari kwa siku kadhaa na kuzifunga pamoja nazo hata kurasa za idara za afya. Sheria ilirekebishwa na mikataba ikatiwa saini, lakini Machi 2024 Meta ilitangaza kwamba haitaihuisha. Mishahara ya waandishi ilikuwa imesimama juu ya hiari ya kampuni moja.

Jibu la pili
Nakubaliana nawe kuhusu sheria, ila siwezi kuiondolea kampuni lawama. Agosti hiyohiyo ya 2023, wakazi wapatao 20,000 wa Yellowknife, mji wa kaskazini mwa Kanada, waliamriwa kuhama kwa sababu ya moto wa msituni. Kwa kuwa viungo vya habari vilizuiwa, watu walipiga picha za skrini na kusambaza picha hizo. Nimewahi kuhariri habari za dharura, na jambo hili linaniuma: habari ya barabara iliyofungwa hurekebishwa kila baada ya muda mfupi, lakini picha haijirekebishi. Anayeifungua usiku hana namna ya kujua kwamba ilipigwa asubuhi, wala hapati pa kubonyeza ili asome habari mpya. Kampuni iliombwa hadharani ilegeze msimamo wakati wa moto, nayo haikulegeza.

Jibu la tatu
Tusiisahau Google, iliyokubali kutoa dola za Kanada milioni 100 kwa mwaka. Fedha hizo hukusanywa mahali pamoja, kisha hugawanywa kwa kuangalia saa za kazi za waandishi. Watangazaji binafsi wa redio na televisheni wamewekewa kikomo cha asilimia 30, shirika la utangazaji la umma asilimia 7, na zilizobaki huenda kwa magazeti na vyombo vya mtandaoni. Kipimo hicho nakiunga mkono kwa dhati, maana kinamlipa anayeajiri waandishi, si anayevuna mibofyo.

Hata hivyo, ningependa chanzo cha fedha kiwe kodi ya matangazo ya mtandaoni yenyewe, iwekwe katika mfuko usioshikwa na serikali wala na kampuni. Jukwaa linaweza kufuta habari likaendelea na biashara yake, lakini haliwezi kufuta matangazo, kwa kuwa ndiyo mapato yake.

Muulizaji
Nashukuru. Hapo penye mfuko ndipo ninapotaka tuendelee: wasimamizi wake wateuliwe na nani, ikiwa serikali itakayokusanya kodi hiyo ndiyo inayoandikwa kila siku na waandishi watakaolipwa?