Mjadala: Katiba iandikwe na wachache au na wengi?

Mzee wa Buruburu: Tangu Mahakama ya Juu izime BBI, ule mpango wa kuirekebisha katiba ya Kenya, tarehe 31 Machi 2022, haupiti mwaka bila mwanasiasa kuibuka na wito mpya wa kubadilisha katiba. Naomba tujadili jambo moja tu: ikifika siku ya kuandika upya, kazi hiyo ipewe kamati ndogo kama Kamati ya Wataalamu iliyoandika katiba ya 2010, au mkutano mkubwa wa wajumbe wa kitaifa kama ule wa ukumbi wa Bomas, Nairobi? Msimamo wangu ni kwamba wachache wanatosha. Bomas ilikuwa na wajumbe 629, wakazozana kutoka mwaka 2003 hadi Machi 2004, na rasimu yao tukaikataa katika kura ya maamuzi ya 2005. Kamati ya Wataalamu ilikuwa na wanachama tisa wenye kura. Walianza kazi mwaka 2009, na kufikia Agosti 2010 tulikuwa na katiba. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Isitoshe, tuambizane ukweli, wengi wa wale wa Bomas walifuata marupurupu.

Binti Pumwani: Shikamoo, Mzee. Nilitaka kusoma tu nikae kimya, lakini neno hilo la marupurupu limenigusa. Mama yangu mkubwa alikuwa mjumbe wa wilaya, mmoja wa wale watatu waliotoka kila wilaya, na sheria ilitaka angalau mmoja wao awe mwanamke. Rasimu yake tunayo nyumbani hadi leo, pambizo zote zimejaa wino mwekundu, na sura ya ugatuzi ameiandika hata katikati ya mistari. Mwenyekiti wa kamati ya ugatuzi, Dkt. Odhiambo Mbai, alipigwa risasi nyumbani kwake hapa Nairobi mnamo Septemba 2003, na wajumbe wakarudi vikaoni. Mtu aliyefuata marupurupu angekuwa na sababu nzuri ya kubaki kwao siku hiyo.

Wakili wa Ngara: Kabla hatujafika mbali, Mzee, rasimu tuliyoikataa tarehe 21 Novemba 2005 haikuwa ya Bomas. Bomas ilipitisha yake Machi 2004, baada ya mawaziri wakiongozwa na Makamu wa Rais Moody Awori kutoka nje ya ukumbi. Baadaye wabunge wakakutana Kilifi, Mwanasheria Mkuu Amos Wako akaipanga upya, na hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa wananchi, machungwa, alama ya «La», yakaishinda ndizi, alama ya «Ndiyo». Kwa hiyo chombo hakikuzamishwa na wingi wa manahodha. Kilizamishwa na abiria wa daraja la kwanza walioshuka na mashua kisha wakarudi na chombo chao wenyewe. Jambo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni kwamba wale tisa hawakuanza na karatasi tupu. Sheria ya 2008 iliwaelekeza wasome rasimu zilizotangulia, watenganishe yaliyokubaliwa na yanayobishaniwa, nao wakataja mambo matatu tu yenye ubishi: mfumo wa serikali, ugatuzi, na masharti ya mpito. Mengine yalikuwa yameshapikwa na wale 629. Hata hao tisa, watatu walikuwa wageni, kutoka Uganda, Zambia na Afrika Kusini.

Msomaji wa Umoja: Ahsante wakili kwa kunikumbusha hilo la wageni, maana limekuwa likinikera miaka yote hii. Ni taifa gani linaloandika sheria yake kuu huku theluthi ya wenye kura katika kamati ni raia wa nchi nyingine? Sina neno baya juu ya Profesa Ssempebwa, Dkt. Beyani wala Profesa Murray, ambao nasikia ni wasomi wa kutajika. Washauri wangefaa. Kura ni jambo jingine.

Mwalimu wa Kawangware: Ndugu wa Umoja, kumbuka tulikuwa tumetoka wapi. Nchi ilikuwa imechinjana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kofi Annan ndiye aliyekalisha mahasimu mezani, na hakuna Mkenya aliyeweza kuingia chumba chochote bila kuulizwa kwanza anatoka upande upi. Mgeni alikuwa mtu asiye na upande, basi. Tena ukitafuta mkono uliobadilisha rasimu kuliko mingine yote, hutaukuta kwa wageni. Rasimu ya kwanza ya wataalamu, iliyotolewa tarehe 17 Novemba 2009, ilikuwa na Rais na Waziri Mkuu, tena na ngazi ya mikoa baina ya taifa na kaunti. Wananchi tukapewa siku 30 kutoa maoni. Januari 2010 Kamati Teule ya Bunge, chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa Abdikadir Mohamed, ikajifungia hotelini Naivasha. Walipotoka, Waziri Mkuu hayupo na mikoa haipo. Watu waliokuwa wamelumbana kuhusu cheo hicho tangu Bomas walikubaliana kukifuta kwa siku chache, na mimi naamini kila upande ulikuwa umekwisha kupiga hesabu ya uchaguzi uliofuata ukaona utaunyakua urais wote. Wataalamu walirudishiwa rasimu, na mfumo huo wa urais ndio tulio nao.

Mzee wa Buruburu: Marahaba, binti yangu, lakini sikumtaja mama yako mkubwa. Nilisema wengi, sikusema wote, na anayejua kusoma anajua tofauti. Wakili anazipenda tarehe. Basi atuambie, rasimu ilipofika Bungeni, hao wengi walibadilisha nini? Yalipendekezwa marekebisho zaidi ya 150, na tarehe 1 Aprili 2010 rasimu ikapita kama ilivyoingia. Wabunge wote wale walishindwa hata kuhamisha mkato.

Wakili wa Ngara: Walishindwa kwa sababu sheria ilidai wingi mkubwa wa kura kwa kila rekebisho, na hapakuwa na kambi iliyoweza kuufikisha. Huo ulikuwa mtego uliotegwa kwa makusudi, na nausifu. Hata hivyo kuna mkono mmoja mnaousahau. Mei 2010, katiba ikiwa tayari imepitishwa na Bunge, nakala zilitoka kwa Mpiga Chapa wa Serikali zikiwa na maneno «usalama wa taifa» yamepachikwa katika Sheria ya Haki, maneno ambayo hakuna kamati iliyoyaandika wala mbunge aliyeyapigia kura. Yaligunduliwa na kuondolewa kabla ya kura ya Agosti. Kwa hiyo mnapohesabu tisa na 629, mhesabu pia anayetunza nakala.

Binti Pumwani: Nimekusikia, Mzee, ila sijaridhika. Mahakama za Kadhi zilikuwamo katika katiba tangu uhuru, na bado ziliwagawa watu. Bomas suala hilo lilijadiliwa ana kwa ana. Mama mkubwa alibishana nalo na wachungaji waliokaa safu moja naye. Mwaka 2010 lilihamia mimbarini na kwenye mikutano ya kampeni, ambako upande mmoja huzungumza na mwingine hupiga makofi. Kifungu cha 170, cha mahakama hizo, kilipona, nashukuru, lakini maneno tuliyoambiwa hapa mtaani msimu ule wa kampeni hayakufutwa na hesabu ya kura.

Kijana wa Githurai: Wakubwa zangu, mimi nilikuwa mtoto haya yote yakitendeka. Nauliza la sasa. Wakisema mabadiliko yaletwe na wananchi kwa sahihi milioni moja, hicho ninachotia sahihi kimeandikwa na nani?

Wakili wa Ngara: Kinaandikwa na waanzilishi. Kifungu cha 257 kinaruhusu pendekezo la jumla au mswada kamili, na hata likiwa pendekezo tu, ni wao wanaoligeuza kuwa mswada. Mahakama ya Juu ilisema Rais hawezi kuwa mwanzilishi kwa njia hiyo. Haikusema waanzilishi wawe wangapi, wala wachaguliwe na nani.

Mwalimu wa Kawangware: Na mswada huo hupelekwa kwa mabunge ya kaunti, ambayo yana miezi mitatu ya kuukubali au kuukataa. Mwakilishi wadi wako akiona kifungu kibovu ndani yake, hana pa kukirekebisha.

Msomaji wa Umoja: Basi Naivasha imeletwa hadi Githurai, tofauti ni kwamba safari hii hatutajua hata hoteli.