Ziwa Tanganyika likifungwa, waanika dagaa wale nini?

MLETA MADA, UJIJI

Wana Kigoma, habari zenu. Naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno.

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Lengo lilikuwa samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Niliunga mkono wakati ule na leo bado naunga mkono. Ziwa halina mlango wa nyuma. Tukilimaliza hatuna pengine pa kwenda.

Linaloniuma ni upande wa biashara. Siku hizi pakiti za dagaa zinazotoka hapa kwetu zina maneno mazuri: dagaa safi wa kichanja (walioanikwa juu ya wavu ulioinuliwa, si mchangani), tunalinda ziwa, tunawainua akina mama. Nayapenda maneno hayo, na baadhi ya wanaoyaandika ni watu ninaowaheshimu. Sasa nauliza: ziwa likifungwa, huyo mama wa kwenye pakiti anapata nini?

Tazameni fedha inavyotembea. Mwanikaji wa Katonga au Kibirizi hana ghala. Alfajiri boti zikirudi ananunua dagaa wabichi, anaanika, wakikauka anauza, kesho anaanza upya. Boti zikikaa nchi kavu, mtaji anaula na watoto. Mwenye ghala hali yake ni nyingine. Aliyejaza magunia kabla ya tarehe 15 Mei anauza mzigo ule ule kwa bei iliyopanda, kwa kuwa dagaa wameadimika. Hajavunja sheria yoyote. Lakini nyongeza ile ya bei haikutokana na kazi yake. Imeletwa na ziwa kufungwa, na waliogharamia kufungwa huko ni watu wa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki.

Pendekezo langu: biashara yoyote ya dagaa inayojitangaza kwamba inalinda ziwa na kunufaisha jamii itenge kiasi kwa kila gunia inalouza miezi tisa ya uvuvi, iweke kwenye akaunti ya kikundi cha waanikaji wa mwalo inakonunua, fedha zigawiwe miezi mitatu ya kufungwa. Mfuko huo usiwe mkopo. Isiyotaka iendelee na biashara yake kwa amani, ila maneno yale iyatoe kwenye pakiti.

Mnasemaje?

MVUVI, KIBIRIZI

Ndugu yangu, umeanzia katikati. Sisi tunavua kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa, tunapumzika. Kwa hiyo kila mwezi ziwa lina siku zake za kupumua, na mababu zetu walizifuata bila tangazo la mtu. Halafu mnatuongezea miezi mitatu. Bora mngewabana wenye makokoro wanaokomba vifaranga ufukweni mchana kweupe.

Na kwenye huo mfuko wako mimi niko wapi? Baharia hana mshahara. Anapata mgawo wa kilichovuliwa. Pasipovuliwa, hakuna cha kugawana, na nyumbani anasubiriwa na watu wale wale wanaomsubiri mwanikaji. Umetaja akina mama tu kwa sababu ndio wanaopendeza kwenye picha ya pakiti.

MWALIMU, KIGOMA MJINI

Kaka wa Kibirizi, kuhusu makokoro niko nawe. Kuhusu mbalamwezi, haitoshi tena. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, na maji ya chini kabisa hayana hewa. Rutuba imelala huko. Inapanda juu pale upepo unapoyakoroga maji, vijimea vinaota, vijidudu vinakula vijimea, dagaa wanakula vijidudu, mgebuka anakula dagaa. Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba joto likiongezeka maji ya juu yanazidi kuwa mepesi, hivyo hayachanganyiki vizuri na ya chini. Maana yake ni kwamba hata idadi ya boti ingebaki ile ya zamani, chakula cha samaki kingekuwa kinapungua. Mababu hawakuwa na jambo hilo, wala hawakuwa na wavuvi wengi kama sisi.

Nina ombi moja kwa mleta mada. Ongeza kuni. Migebuka ya kubanika inakula miti ya vilima vyetu, na kilima kikibaki kipara mvua inashusha udongo ziwani na kufunika mazalia ya kando ya ufukwe. Mradi wa TACARE, wa kurudisha miti na kusaidia vijiji, ulianza mwaka 1994 katika vijiji vinavyoizunguka Gombe kwa sababu miti nje ya hifadhi ilikuwa imekwisha. Anayesema analinda ziwa atuambie pia jiko lake la kubanikia linatumia kuni kiasi gani.

MWANIKAJI, KATONGA

Salaam kwenu wote. Nimesoma toka juu. Mimi ndiye huyo mama mnayemzungumzia, basi naomba na mimi nisikilizwe.

Kichanja kimebadilisha kazi yetu, hilo halina ubishi. Dagaa wa mchangani anageuzwa na kugeuzwa, anabeba mchanga, mvua ikinyesha ghafla anaoza, na aliyeharibika anaishia kuwa chakula cha kuku. Kwenye kichanja upepo unapita juu na chini, anakauka upesi, anabaki na rangi yake ya fedha. Lakini kichanja kina gharama. Kinataka miti, wavu, misumari na turubai la kufunikia. Miti inaliwa na mchwa, wavu unachanika. Nikimaliza yote hayo, mnunuzi anakuja jioni, anataka wa kichanja, anatoa bei ya mchangani. Anajua nina deni la dagaa wabichi wa alfajiri. Anajua sina pa kulaza mzigo.

Hapo ndipo pa kuanzia, mwanangu wa Ujiji. Nilipwe tofauti ile kila siku, nitaweka mwenyewe kwenye kikoba changu. Sitaki kungoja Juni niitwe kwenye orodha kama wa kupewa sadaka, orodha yenyewe ameiandika mwenyekiti na shangazi zake wote wamo. Ziwa lilipofungwa wengi wetu tuliuza mawese, wengine muhogo. Tulipokaa wauza mawese wengi mstari mmoja, wa kununua akawa nani?

MWENYE GHALA, MWANGA

Shikamoo mama wa Katonga. Na mimi nijitetee kidogo. Gunia likikaa ghalani linapata wadudu, unyevu ukiingia limekwisha. Mtaji wa kuyajaza nilikopa, na riba haikufungwa pamoja na ziwa. Kuna ushuru, kuna mizani, kuna safari ya Dar es Salaam. Nikitenga peke yangu jirani yangu hatengi, mteja anaenda kwake kwa sababu ya shilingi chache. Mkitaka jambo hili liwe la haki, halmashauri ilifanye la lazima kwa wote. Zaidi ya hapo, asilimia 10 ya mapato ya halmashauri imeshatengwa kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waanikaji waunde vikundi wakaombe.

MLAJI, GUNGU

Nami niseme la walaji. Dagaa wazuri wote wanapanda gari na treni. Sokoni kwetu wanabaki waliovunjika, na bei ni kama ya wageni. Biashara inayonufaisha jamii si ingeanza kwa kuuzia jamii?

MLETA MADA, UJIJI

Mwenye ghala, nakusikia kuhusu riba na wadudu. Ila mkopo wa halmashauri unarejeshwa, hata kama hauna riba. Mwanikaji akikopa Mei na boti zirudi majini Agosti, arejeshe kwa dagaa gani? Na kulifanya jambo la lazima kwa wote ni kuongeza ushuru mwingine ambao mwishowe utakatwa kwenye bei ya mama huyu huyu. Mimi nawazungumzia waliochagua kujitangaza. Wao tayari wanauza ghali kwa jina hilo.

Mvuvi, una haki. Baharia aingie, na BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo, inawafahamu mabaharia kwa majina.

Mama wa Katonga, neno lako nimelichukua, linaingia mbele ya langu. Bei ya kichanja na bei ya mchangani zibandikwe mwaloni kila asubuhi, mbili mbalimbali, na biashara yenye maneno ya kulinda ziwa inunue kwa ile ya kichanja hata ikifika jioni. Mfuko wa miezi mitatu uje juu ya hapo, fedha zikae kwenye kikoba chenu, bila orodha ya mtu. Mwenye ghala, hili la bei mbili unaliweza?

MWENYE GHALA, MWANGA

La bei mbili naliweza, mradi dagaa wawe wamekauka kweli. La mfuko niacheni nikae na wenzangu kwanza.

MWANIKAJI, KATONGA

Wakauke kweli, sawa, njoo uwashike mwenyewe kwa mkono wako. Na mimi nina sharti: bei hiyo iandikwe kwa kilo. Tukiuza kwa beseni, mnunuzi anakuja na beseni lake, analijaza mpaka linamwagika, na anahesabu moja.