Kwa nini Pemba ina ndege wake wa pekee na Unguja haina?

Mgeni wa Jozani:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana penginepo duniani: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na kinengenenge wa Pemba, yule ndege wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Unguja ni kubwa zaidi na ina msitu wa Jozani, lakini haina hata aina moja ya ndege iliyo yake peke yake. Je, ni kwa sababu Msitu wa Ngezi, ulioko Pemba, umetunzwa vizuri zaidi?

Mwalimu wa Jiografia:
Utunzaji hauwezi kuwa sababu, kwa kuwa aina mpya ya ndege haitokei kwa karne moja au mbili. Jibu limo chini ya bahari. Takriban miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko ulivyo leo. Mkondo unaoitenga Unguja na Bara una kina kifupi, kwa hiyo ulikauka, na viumbe wakawa wanapita huku na huko kwenye nchi kavu. Mkondo wa Pemba, ambao mahali pengine unazidi mita 800, haukukauka, na ndege wachache waliowahi kuuvuka waliendelea kuzaana wenyewe kwa wenyewe mpaka wakatofautiana na jamaa zao wa Bara.

Mkaazi wa Konde:
Naafiki, na wanyama wanathibitisha hayo. Unguja ilipata kima punju, paa nunga na hata chui, ambao wasingeweza kuogelea mkondo wa Pemba. Kima punju walioko Ngezi waliletwa na watu katika miaka ya 1970. Ila popo wa Pemba, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 1.6, hakutoka Bara kabisa. Jamaa zake wako Komoro, Madagaska na visiwa vingine hadi Asia, wala hawaishi Bara la Afrika. Aliwindwa kwa ajili ya nyama mpaka ikahofiwa katika miaka ya 1990 kuwa angetoweka, kisha wanavijiji, wakiwemo wa Kidike, wakaanza kuyalinda makazi yake, na idadi yake ikapanda tena.

Mgeni wa Jozani:
Ahsanteni sana. Nikija Pemba, je, huyo bundi ni lazima nimtafute ndani ya Ngezi? Nimesoma kwamba sehemu kubwa ya msitu wa kisiwa ilikatwa katika karne ya 19 ili kupanda mikarafuu.

Mkaazi wa Konde:
Si lazima. Bundi huyu anaishi pia katika mashamba ya mikarafuu, hasa yenye miti mikongwe, na ninga naye huyafuata matunda hata nje ya msitu. Hata hivyo Ngezi ndipo pa kuanzia, kwani humo utaona pia mpapindi, mti wa Pemba wa jamii ya minazi. Ingia na mwongozaji jua linapozama, usimame kimya, na usikilize sauti moja fupi inayorudiwa kwa vituo. Akitokea, tazama rangi yake: wengine ni wekundu wa kutu, wengine ni kahawia iliyopauka, na wote ni aina ileile. Usishangae wenyeji wakikwambia usimwite, kwa sababu wapo wanaoamini kuwa mlio wa bundi huleta habari ya msiba.