Kramponi nyepesi za alumini kwa Margherita: zinatosha, au tubebe za chuma?

Mpandaji_Arusha aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Tuko wanne, tunajiandaa kupanda Margherita, kilele cha juu kabisa cha milima ya Rwenzori (mita 5,109), kwa upande wa Uganda mwezi Januari. Kilimanjaro tunaifahamu, lakini njia zake za kawaida hazidai kramponi, kwa hiyo hivi vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti ni vigeni kwetu.

Mabuti yangu ni ya ngozi, saizi 43. Soli hupinda kidogo nikiikunja kwa nguvu. Mbele hayana ukingo wa kushikia waya, na kisigino hakina mfereji. Nimeona kramponi za alumini za meno 10, gramu 400 hivi kwa jozi, na za chuma cha pua zenye meno 10 hayohayo, gramu 850 hivi. Kwa safari ya siku saba au nane kwenye matope, tofauti hiyo inavutia. Kuna pia zile za minyororo na mpira, ambazo ni nyepesi zaidi na bei yake iko chini.

Naomba kujua: nichukue zipi, nizipimeje kwenye buti, na makosa gani huwaangusha watu? Tena, tunaweza kuazimana jozi moja na mwenzangu wa saizi 40?

Barafuto_Stanley alijibu:

Mkuu, umeanza na uzito. Anza na buti, maana ndilo linaloamua mfungo.

Mifungo iko mitatu. Wa kwanza ni wa mikanda mitupu: kikapu cha plastiki kinakumbatia ncha ya buti, kingine kinakumbatia kisigino, na mkanda mmoja unaviunganisha juu ya mguu. Wa pili una kikapu mbele na klipu ya kubana nyuma, hivyo unadai mfereji kwenye kisigino. Wa tatu una waya wa chuma mbele na klipu nyuma. Huo unadai ukingo mbele, mfereji nyuma, na soli ngumu kama ubao. Kwa buti ulilolieleza, ni huo wa kwanza tu. Muuzaji akikwambia waya wa mbele "utashika tu", mwachie. Kwenye buti lisilo na ukingo, waya huchomoka mara unapopiga ncha kwenye barafu.

Ugumu wa soli nao upime kabla hujatoa hela. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kunja. Kisha likamue kama unayekamua nguo. Likikunjika kama raba ya mazoezi, halifai. Kila hatua litapinda kuliko chuma kilicho chini yake, na hapo mawili hutokea: kramponi inachomoka, au kiungo cha kati (kipande kinachounganisha sehemu ya mbele na ya kisigino) kinachoka hadi kinakatika. Kama lako linakataa mpaka utumie nguvu, linatosha kwa kutembea kwenye barafuto (barafu nene ya kudumu mlimani), ila hakikisha kiungo cha kati ni kile bapa kinachonesa, si kile kigumu cha kupandia kuta za barafu.

Sasa alumini. Alumini ni laini kuliko chuma. Ilikusudiwa theluji iliyoshikana, kwa watu wa skii na wanaovuka barafuto tambarare za Alps majira ya kuchipua. Kule jino linazama lote na halikutani na kitu kigumu. Rwenzori si hivyo. Theluji mpya ikiisha, kinachobaki ni barafu kongwe, ngumu, ya kijivu, na jino la alumini linaikwaruza bila kuingia. Juu ya hilo kuna mwamba. Kutoka kibanda cha Elena (mita 4,541) unapanda mwamba mtupu, unavuka barafuto ya uwanda wa Stanley, unashuka kwenye miamba chini ya kilele cha Alexandra, halafu unaingia barafuto ya Margherita yenye mwinuko mkali, na juu yake kuna mwamba tena. Barafuto hizi zinazidi kusinyaa, na kila barafu inaporudi nyuma mwamba unaongezeka. Dakika chache za kukanyaga mwamba na alumini zinatosha kuyafanya meno ya mbele kuwa mviringo kama ncha ya kidole.

Ushauri wangu: chuma cha pua, meno 10, mfungo wa mikanda. Gramu 450 unazoziogopa hazifiki nusu lita ya maji, na siku nyingi zinakaa kwenye mzigo, si mguuni. Ukitaka kupunguza kweli, kuna mchanganyiko: chuma mbele, alumini kisigino, kamba ya Dyneema (uzi mwepesi ulio imara sana) badala ya kiungo cha kati. Petzl, kampuni ya vifaa vya kupandia milima, wanatengeneza moja, Irvis Hybrid. Inakunjwa ikawa ndogo sana, na meno yanayofanya kazi ngumu bado ni ya chuma. Petzl haohao wana Leopard, ya alumini yote, na wao wenyewe wameitengeneza kwa ajili ya theluji. Utakayochukua iwe na alama ya EN 893 au UIAA 153, yaani viwango vya usalama vya kramponi.

Meno 10 yanatosha. Kumi na mawili yanasaidia zaidi kwenye ukuta wa barafu wa kupanda kwa ncha. Hata hivyo hakikisha kati ya hayo kumi mawili yametokeza mbele, maana kuna za bei rahisi ambazo meno yote yanatazama chini.

MamaKamba alijibu:

Naongezea upande wa kuvaa, maana hapo ndipo ajali nyingi zinapoanzia.

Kuipima: rekebisha urefu mpaka kikapu cha nyuma kibane kisigino bila kuacha nafasi. Kisha, kabla ya kufunga mkanda, inua buti na ulitikise. Kramponi ikidondoka, bado ni ndefu. Tazama ncha: meno mawili ya mbele yatokeze sentimita 2 hadi 2.5 mbele ya buti. Yakifichika chini ya soli hayatauma barafu, na yakizidi yatakukwaza. Tazama pia pembeni: soli isiache nafasi ya kucheza kushoto na kulia. Kazi hii ifanyike nyumbani, mezani, kwenye mwanga. Ndiyo maana kuazimana kati ya 43 na 40 si wazo zuri. Urefu unarekebishika kwa tundu mbili tatu, lakini hamtafanya hivyo saa tisa usiku vidole vikiwa ganzi. Kila mtu na jozi yake, iliyoandikwa kushoto na kulia.

Kuvaa: simama mahali tambarare kabla ya barafu kuanza, si juu yake. Gonga soli itoke theluji na kokoto, kwani kokoto moja kati ya soli na chuma inatosha kuilegeza baada ya hatua mia. Laza kramponi chini, tawanya mikanda nje, ingiza ncha kwanza, sukuma kisigino. Mkanda upite ndani ya kitanzi cha kikapu cha mbele. Ukikiruka kitanzi, mkanda utaonekana umekaza, kumbe mbele pako wazi. Pete za kufungia zikae upande wa nje wa mguu. Mkia wa mkanda uliobaki uchomeke chini ya mkanda wenyewe. Ukining'inia, jino la mguu mwingine litaukanyaga. Tembea dakika kumi, kaza tena, kwani mkanda ukilowa hulegea.

Suruali pana ni hatari. Vaa gaita (vifuniko vya kitambaa vya kufunga juu ya buti na muundi) zinazobana, au funga suruali kwa mpira.

Kutembea: achanisha miguu kwa upana wa nyonga. Kanyaga kwa wayo mzima ili meno yote ya chini yaingie mara moja. Mtu aliyezoea mlima ana tabia ya kuegemea ukingo wa buti kwenye mteremko. Kwenye kramponi tabia hiyo inakuangusha, maana meno ya upande mmoja tu ndiyo yanayoshika. Legeza kifundo, acha wayo ulale sambamba na mteremko hata kama goti linatazama pembeni. Mwinuko ukizidi, geuza vidole nje kama bata, halafu nenda kwa zigizaga. Ukizidi tena, mguu mmoja upige kwa meno ya mbele na mwingine ulale wayo mzima, ubadilishane. Ukipiga kwa meno ya mbele, shusha kisigino kiwe sawa na ncha. Kikipanda juu, meno yanang'oka. Kushuka, piga magoti kidogo kama unayetaka kukaa, uzito uwe juu ya nyayo.

Jambo moja nalisisitiza kwa herufi zote: usiteleze kwa makalio ukiwa umevaa kramponi. Jino moja likinasa, mwili unaendelea na mguu unabaki. Huo ni mguu uliovunjika kwenye mlima ambao kubebwa hadi chini ni siku kadhaa.

Mpandaji_Arusha:

Asanteni sana, nimeelewa kuhusu chuma. Maswali mawili yaliyobaki: zile za minyororo hazina kazi kabisa? Na kwa kuwa huko watu hutembea na gambuti kwa ajili ya matope, kramponi haziwezi kufungwa juu ya gambuti ili tusibebe buti za pili?

Barafuto_Stanley alijibu:

Gambuti hapana. Mkanda ukikazwa, mpira unabonyea hadi mguu unabanwa na damu inapungua, na hapo ndipo vidole huganda. Ukilegezwa, mguu unazunguka ndani huku kramponi ikibaki nje inatazama kwingine. Soli nayo ni laini mno. Gambuti zifikie Elena, mabuti ya ngozi yabaki makavu ndani ya mfuko wa plastiki mpaka usiku wa kilele. Buti lililolowa halishiki joto.

Za minyororo zina kazi yake: meno ya sentimita moja hivi, kwa njia iliyoganda isiyo na mteremko wa kukupeleka mbali. Kilimanjaro, theluji ikiwa imeanguka kati ya kambi ya Barafu na Stella Point, zinasaidia kweli. Kwenye barafuto ya mwinuko, ule mpira unavutika, mnyororo unahamia pembeni, na unajikuta umesimama juu ya soli tupu.

Fundi_Tupa alijibu:

Kama mnakodi badala ya kununua, kagueni haya palepale mnapokabidhiwa.

Pitisha ukucha kuzunguka kila tundu la skrubu na pale jino linapokunjika kutoka kwenye bapa. Ufa huanzia hapo. Ukiuona, rudisha, ufa hautengenezwi. Plastiki ya vikapu ikikunjwa ikaonyesha mstari mweupe, imechoka. Kisha angalia mabamba ya plastiki au mpira chini ya meno. Hayo huzuia theluji isigande kuwa donge. Jua likipanda, kuanzia saa tatu asubuhi theluji ya huko inakuwa tope zito. Bila mabamba, hatua chache tu unakuwa na donge chini ya wayo na meno hayafiki chini. Hata yakiwepo, gonga ubavu wa kramponi kwa mpini wa shoka la barafu kila linapoanza kujaa, ukiwa umesimama imara kwa mguu mwingine.

Meno butu yanolewe kwa tupa ya mkono. Mashine ya kunolea hapana: joto lake huua ugumu wa chuma, na jino linabaki kupinda kama waya. Sukuma tupa upande mmoja tu, kuelekea nchani. Noa ukingo mwembamba wa jino, si bapa lake, maana ukilikondesha bapa umelipunguzia nguvu. Halihitaji ukali wa kisu. Likikwaruza ukucha, linatosha.

Kwenye mzigo, funga meno kwa meno na katikati weka kipande cha dumu la plastiki lililokatwa. Linazuia kutoboa mfuko wa kulalia na mapaja ya mpagazi. Kwenye ndege zinaingia mzigo wa chini. Kwa kundi la wanne bebeni skrubu mbili za akiba, ufunguo wake, waya mwembamba mita moja, vifungo vya plastiki kama kumi, na mkanda mmoja wa akiba wenye pete. Mkishuka, zifuteni, zikauke kivulini kabla ya kufungwa tena. Hata chuma cha pua hushika kutu kikifungiwa na unyevu siku tatu za kurudi.