Donge la unga la kufinyangia linanata na kuota ukungu, naomba ushauri

Walimu wenzangu wa awali, habari za kazi. Niko Moshi, darasa lina watoto 38 wa miaka 5. Donge tunalitumia kufinyanga herufi na namba kabla ya penseli, maana vidole vinahitaji nguvu kwanza.

Kipimo changu: unga wa ngano vikombe 4, chumvi 2, maji ya moto karibu 3, mafuta ya kula vijiko 4. Kiangazi linadumu wiki mbili. Baridi hii ya Juni, siku ya tatu linanata mikononi, ya tano limeota ukungu, ingawa liko kwenye ndoo yenye mfuniko na watoto wananawa kwanza. Nahisi chumvi inavuta unyevu wa hewani.

Nikiongeza unga, linapasukapasuka. Kulipika dakika 5 moto mdogo kumesaidia kidogo. Maji ya limao vijiko 2 yamechelewesha ukungu tu, kunata kuko palepale. Udongo wa mfinyanzi sitaki, sare zinachafuka na wazazi wanakuja juu.

Je, nikipunguza chumvi hadi kikombe 1 litaoza upesi zaidi? Na mnahifadhi donge moja kubwa, au kila mtoto na kipande chake kwenye mfuko?