Naombeni ushauri: mambo ya pekee na ya gharama nafuu ya kufanya London

MgeniNjiani
Salaam kwenu wakuu. Miezi michache ijayo ninatarajia kukaa London kwa siku kadhaa, na mfuko wangu si mnene. Sitaki kuzunguka kule kule wanakozunguka watu wote, nikapanga foleni ndefu na kulipa pauni nyingi ili nipande gurudumu kubwa la kando ya mto kisha nishuke. Naombeni mnielekeze mambo ya pekee, yasiyolipiwa kabisa au yanayolipiwa kidogo, ambayo mtu akiyaona atakiri kwamba kweli amefika. Ningependa pia kufahamu, kwa kila mahali mtakapopataja, kama kuna viti vya kupumzikia, kama vyoo viko karibu na kama kuna ngazi nyingi. Natanguliza shukrani.

Kandambili
Karibu sana mkuu. Anza na njia ya waenda kwa miguu iliyochimbwa chini ya mto Thames pale Greenwich. Ilifunguliwa mwaka 1902, haina kiingilio, na urefu wake ni kama mita 370. Unatembea ukizungukwa na vigae vyeupe huku mto ukipita juu yako, na mtu akikohoa ng'ambo ya pili unamsikia kana kwamba yuko begani kwako. Lifti zipo pande zote mbili, ila usiziamini sana, kwa sababu zikiharibika ni ngazi za mzunguko na pumzi yako tu. Siku ya pili fuata mfereji wa Regent's Canal kutoka Little Venice hadi Limehouse. Mimi niliutembea wote nikiwa kijana, na ilipofika jioni nilikuwa nimeshika viatu mkononi.

Mwalimu Mstaafu
Kijana, vijana wa siku hizi mnapenda vya ajabu kabla hamjajua vya kawaida. British Museum, National Gallery na Tate Modern hazitozi kiingilio kwa mikusanyo yao ya kudumu, na mtu mwenye adabu ya kujifunza angeanzia huko. Hata hivyo, kwa kuwa umeomba ya pekee, nenda Lincoln's Inn Fields ukaione nyumba ya msanifu majengo John Soane, aliyefariki mwaka 1837. Bunge lilipitisha sheria ya kuihifadhi nyumba ile, na hadi leo kuingia ni bure. Katika chumba cha picha mhudumu hufungua mbao za ukutani zilizojaa michoro, na nyuma yake kuna ukuta mwingine wenye michoro zaidi. Chini kabisa kuna jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza, ambalo Soane alilinunua mwaka 1824 kwa pauni 2,000 baada ya British Museum kushindwa bei. Vijia vyake ni vyembamba na ngazi zipo, lakini kijana kama wewe unaogopa ngazi za nini?

Nahodha Mchovu
Nenda University College London, UCL, ukamwone Jeremy Bentham. Huyu mwanafalsafa alifariki mwaka 1832 na kuacha wosia kwamba asizikwe, bali mifupa yake ivalishwe nguo zake na kuketishwa kitini. Mpaka leo ameketi ndani ya kabati la kioo, amevaa kofia, isipokuwa kichwa kinachoonekana ni cha nta. Karibu na hapo kuna Grant Museum, ambako utakuta chupa ya kioo iliyoshindiliwa fuko waliokufa, wamebanana hadi pua zinagusa kioo. Yote bure. Mimi niliitazama ile chupa nikaahirisha chakula cha mchana, nayo ni akiba vilevile.

Bi Mshangao
Samahani ndugu mwanzisha mada. Umeuliza vyoo, viti na ngazi katika sentensi moja, nami sijawahi kumwona mwanamume anayesafiri peke yake akauliza hayo matatu kwa pamoja. Je, unaenda na nani, na ni mwezi gani? Bila majibu hayo tunakupa ushauri wa gizani.

MgeniNjiani
Mwezi si hoja, dada. Mimi ni mtu wa kupanga mambo mapema tu. Nimeshapata hoteli ya bei nzuri karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na nimeshalipia tiketi mbili za basi la watalii lisilo na paa. Kwa hiyo usafiri hauna shida.

Kandambili
Mkuu, umesema huna hela, halafu umelipia basi la watalii? Na kutoka Heathrow hadi katikati ya jiji ni karibu saa nzima kwa treni ya chini ya ardhi. Ulichookoa kitandani utakimaliza kwenye nauli.

Bi Mshangao
Mimi nimeona neno "mbili".

MgeniNjiani
Haya, nitasema. Naenda na mama mkwe wangu. Mke wangu anamaliza masomo huko, na tunakwenda kwenye mahafali yake mwezi wa saba, lakini siku za kabla ya hapo atakuwa amebanwa na shughuli za chuo. Kwa hiyo mimi ndiye nitakayemtembeza mama. Goti lake la kulia linamsumbua, ngazi anapanda polepole, na hawezi kusimama muda mrefu. Hoteli ya Heathrow nimeichagua kwa sababu ina lifti na chumba chake kitakuwa chini. Basi la watalii nimelilipia kwa sababu atakaa na kutazama. Sioni kosa langu lilipo.

Mwalimu Mstaafu
Basi ungesema tangu mwanzo, kwa maana mama mkwe si mtu wa kupitishwa chini ya mto kwa kubahatisha lifti. Mkwe hutunzwa. Ningekuwa mimi ningekopa.

Nahodha Mchovu
Naufuta ushauri wangu wa Bentham. Ukimpeleka mama mkwe kumtazama marehemu aliyeketi kitini, atajiuliza ujumbe ni upi.

Dada wa Ng'ambo
Mimi ninaishi huku, basi nizungumze ya miguu na nauli. Mabasi ya kawaida ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014. Unalipa kwa kadi, na kila abiria lazima awe na kadi yake, kwa hiyo mama apewe yake mkononi asije akazuiwa mlangoni wakati wewe umeshapita. Nauli moja ya basi inaruhusu kubadilisha mabasi mengine ndani ya saa moja, na mabasi yenyewe yana sakafu ya chini, tofauti na vituo vingi vya treni za chini ya ardhi ambavyo havina lifti. Kama mama ameahidiwa boti, mpeleke Woolwich. Kivuko cha pale kimekuwa kikivusha watu bure tangu mwaka 1889, na safari ni ya dakika chache. Pantoni ni pantoni, lakini upepo wa Thames ni ule ule wanaoulipia wengine.

Kwa kupumzika ningechagua Postman's Park, bustani ndogo karibu na kanisa kuu la St Paul's. Ina mabenchi na kibanda cha ukumbusho kilichozinduliwa mwaka 1900 kwa jitihada za mchoraji G. F. Watts, ambamo kila kigae kinamtaja mtu wa kawaida aliyekufa akiokoa wengine. Kuna Alice Ayres, msichana aliyewatoa watoto watatu ndani ya nyumba iliyokuwa ikiteketea mwaka 1885, naye akafa. Huwa nakula mkate wangu pale saa za mapumziko na bado sijavimaliza vigae vyote, kwa sababu kila nikisoma viwili najikuta nimetulia.

Tochi
Ndugu wanajukwaa, msichangamke sana. Alianza na "mimi", tukapata "tiketi mbili", sasa tuna mama mkwe, goti, mahafali na ratiba nzima. Vyoo, viti, ngazi na gharama kwa kila kituo si maswali ya mkwe, ni maswali ya wakala wa safari anayetaka kutengeneza kifurushi cha wazee na kukiuza, nasi ndio watafiti wake wa bure. Atuambie kitu kimoja kuhusu huyo mama ambacho wakala asingekibuni.

Kandambili
Tochi kamwaga maji baridi. Lakini hata mimi lile goti "la kulia" lilinishtua, kwa sababu mwongo hupenda kutaja upande.

Bi Mshangao
Hata akiwa wakala, taarifa zitawafaa wasomaji wengine wenye wazazi. Ila ajibu.

MgeniNjiani
Nimesikitika, lakini najibu. Mama mkwe wangu alikuwa mzee wa baraza mahakamani kwa miaka mingi. Hata nyumbani husikiliza pande zote mbili kabla hajaniambia kwamba mimi ndiye mwenye kosa. Siku ya posa aliniuliza kama nitaweza kumtunza binti yake, nikamjibu asiwe na shaka yoyote juu ya fedha. Ndiyo maana siwezi kumwambia kwamba gurudumu, ngome na boti vyote vimenishinda, na ndiyo maana nimekuja kwenu badala ya kumuuliza yeye. Wakala gani angejidhalilisha hivi?

Nahodha Mchovu
Tochi, zima.

Dada wa Ng'ambo
Ndugu yangu, jibu lako umelikalia mwenyewe. Mzee wa baraza umempangia gurudumu? Mahakama za London ziko wazi kwa umma, bila kiingilio, na mtu yeyote anaweza kuketi akasikiliza kesi. Mahakama ya Juu iko mkabala na Bunge, ina lifti, na walinzi wake ni wapole, ila majaji wa pale kwa kawaida hawavai wigi wala majoho. Akitaka wigi, mpeleke Old Bailey, zinakosikilizwa kesi nzito za jinai. Hapo lazima nikuonye: kufika kwenye jukwaa la watazamaji unapanda ngazi nyingi, na simu haziruhusiwi kabisa, wala pale mahakamani hakuna pa kuziacha. Kati ya hizo mbili kuna Royal Courts of Justice pale Strand, jengo lililofunguliwa mwaka 1882, ambako rufaa za jinai husikilizwa na majaji wenye wigi. Orodha ya kesi za siku hubandikwa katika ukumbi mkuu, na ukiwauliza wahudumu watakuonyesha lifti. Mwezi wa saba mna bahati, kwa maana Mahakama ya Juu na hii ya Strand huanza likizo ndefu mwezi wa nane.

MgeniNjiani
Dada, nakushukuru, lakini nimtoe mama mkwe nyumbani, apande ndege usiku kucha, nimpeleke mahakamani? Watu watasemaje? Nadhani nitabaki na basi la watalii, halafu kivuko.

Mwalimu Mstaafu
Watu gani hao, ikiwa anayetembezwa ni yeye? Mwambie mkeo amuulize kwa njia ya mzunguko, nawe usikilize.

MgeniNjiani
Wakuu, nimerudi. Mke wangu amemuuliza. Mama amesema basi lisilo na paa ni sawa kwa kuwa limeshalipiwa, kivuko atakipanda, lakini anataka kesi ya jinai yenye wigi, tena Old Bailey na si penginepo, kwa kuwa jina hilo amelisikia tangu ujana wake kazini. Nilipotaja ngazi amesema kesi haianzi mpaka wazee wa baraza wafike. Linalonikwamisha sasa ni simu, kwa sababu ameahidi kuwapelekea wenzake wa zamani picha.

Tochi
Nimekubali, huyu mama yupo.

Dada wa Ng'ambo
Ndani hakuna picha kwa mtu yeyote, ni kosa la kisheria. Itumieni siku ya basi la watalii: shukeni karibu na St Paul's, mtembee polepole mpaka mtaa wa Old Bailey, apumzike, kisha asimame ng'ambo ya barabara aipige picha sanamu ya dhahabu iliyo juu ya kuba. Ni mwanamke mwenye upanga na mizani, naye hakufungwa kitambaa machoni kama wengi wanavyomdhania, jambo ambalo nina hakika mama atakuwa na la kulisema. Siku ya kesi simu zote mbili zibaki hotelini. Kesi huanza karibu saa nne asubuhi, na mahakama hupumzika mchana, kwa hiyo mkeo awakute Postman's Park saa saba na nusu, na asipowaona asianze kupiga simu, kwa sababu mtakuwa bado mnashuka ngazi.